Falsafa ya Kiyunani na Ukristo wa Mwanzo: Tupime kwa Mizani Moja

Katika mabaraza yetu ya baada ya Isha, na katika mihadhara ya dini ifanywayo viwanjani, kuna hoja moja ipendwayo sana. Husemwa hivi: Ukristo wa leo si mafundisho ya Nabii Isa (A.S.), bali ni falsafa ya Kiyunani iliyovikwa kanzu ya dini, Utatu umetoka kwa Plato, na "Neno" limetoka kwa wanafalsafa wa Athens. Msemaji akishatamka hayo, wasikilizaji huitikia takbiri, na mjadala ukafungwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kuyasema. Niliyasema mbele ya jirani yangu Mkristo, mwalimu wa shule, mtu mpole asiyependa ubishi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Maalim, na wale wanavyuoni wenu wa Baghdad, Aristotle walimsoma wa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Niliona haya, si kwa kuwa dini yangu haina jibu, bali kwa kuwa nilishika silaha nisiyojua makali yake yaelekea wapi. Tangu siku hiyo nimejitahidi kuisoma habari hii, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyaokota.

Msomaji asidhani kwamba naandika kuutetea Ukristo. Tofauti yetu na Wakristo juu ya Nabii Isa (A.S.) yajulikana, nayo imesimama juu ya Qur'ani. Swali letu leo ni jingine: hoja hii yenyewe, je, ni ya kweli? Na kama ni ya kweli nusu, nusu hiyo ni ipi?

HOJA IMETOKA WAPI?

Zamani alikuwako Kadhi Abdul-Jabbar, aliyefariki mwaka 415 H (1025), ambaye alilalamika kwamba Warumi hawakuingia Ukristo, bali Wakristo ndio walioingia Urumi. Lakini yeye zaidi alikuwa akisema juu ya mila: kuacha tohara, kula nguruwe, na mfano wa hayo. Hoja ya falsafa, kwa sura tunayoitumia sisi, imetufikia kwa njia nyingine. Aliyeipa nguvu kuliko wote ni Mkristo: Adolf von Harnack (1851–1930), profesa wa Kijerumani, Mprotestanti, bingwa wa historia ya Kanisa. Katika vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 1886 alishikilia kwamba itikadi za Kanisa, jinsi zilivyotungwa, ni kazi ya akili ya Kiyunani iliyojengwa juu ya kiwanja cha Injili. Haja yake ilikuwa kuubambua Ukristo maganda hayo ili abaki na ujumbe mwepesi wa Yesu juu ya Mungu na thamani ya roho ya mtu.

Basi silaha tunayojivunia ilifuliwa katika ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Hilo pekee haliifanyi kuwa mbovu, lakini latupasa tuikague kabla ya kuipokea.

WAYAHUDI WALITANGULIA

Alexander wa Makedonia alikufa mwaka 323 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Katika nchi alizoziteka, tokea Misri mpaka mipaka ya Bara Hindi, Kiyunani kilienea kikawa lugha ya soko, ya serikali na ya elimu, kama Kiswahili kilivyotoka pwani kikafika mpaka Kongo. Mjini Iskandaria walikaa Wayahudi wengi ambao watoto wao hawakukijua tena Kiebrania. Kwa hiyo Taurati ilifasiriwa kwa Kiyunani huko huko Misri, karne mbili na zaidi kabla ya kuwako Mkristo hata mmoja.

Katika mji huo alitokea Philo, Myahudi mcha Mungu, aliyefariki yapata mwaka 50. Philo aliisoma Taurati na Plato pamoja, akataka kuonesha kwamba havigombani. Yeye alilitumia sana neno logos. Neno hili kwa Kiyunani lina maana nyingi: tamko, hesabu, sababu, akili. Heraclitus wa Efeso alikwisha kulitumia yapata miaka 500 kabla ya Masihi, na Wastoiko walilitumia kwa maana ya akili iupangayo ulimwengu. Philo akaliunganisha na lile Neno la Mungu ambalo vitabu vya Mayahudi vyasema kwamba kwalo Mungu aliumba.

Basi Injili ya Yohana ilipofunguliwa kwa neno hilo, mwandishi wake hakuwa na haja ya kwenda Athens kuliazima. Lilikuwa limekwisha kuingia katika masinagogi. Tena hapo hapo anapolitumia, asema jambo ambalo Mstoiko asingalilikubali, wala Philo: kwamba Neno hilo limekuwa mtu mwenye nyama na damu. Sisi nasi hatulikubali kwa maana hiyo, ingawa Qur'ani yamwita Isa (A.S.) neno litokalo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kulikataa ni jambo moja, na kusema kwamba limeibwa kwa Wayunani ni jambo jingine. Huko halikuwako hata liibwe.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi Paulo alivyofika Athens akajadiliana na Waepikureo na Wastoiko. Aliwavuta kwa maneno ya mshairi wao wenyewe, nao wakamsikiliza mpaka alipotaja kufufuka kwa wafu. Hapo wengine wakamcheka. Hawakucheka bure: kwa mfuasi wa Plato mwili ni kama jela ya roho, na mfungwa akishatoka jela, nani atamani kumrudisha? Msomaji aliweke akilini jambo hili la ufufuo, maana tutalirudia.

MASHTAKA YA WIZI NI YA KALE

Katika karne ya pili alikuwako Justin, mzaliwa wa Palestina katika mji uitwao leo Nablus. Yeye mwenyewe asimulia alivyozunguka kutafuta elimu. Alikwenda kwa Mstoiko, akamwona hana habari ya Mungu wala hajali. Akaenda kwa mfuasi wa Aristotle, ambaye baada ya siku chache alimtaka ada kwanza. Justin akasema huyu si mwanafalsafa. Akaenda kwa mfuasi wa Pythagoras, akaambiwa akajifunze kwanza muziki, nyota na jiometri. Mwisho akatulia kwa wafuasi wa Plato, mpaka alipokutana na mzee mmoja kandokando ya bahari aliyemwelekeza kwenye vitabu vya manabii. Akawa Mkristo, lakini joho la wanafalsafa hakulivua. Aliuawa Roma yapata mwaka 165 kwa ajili ya imani yake.

Justin alifundisha kwamba mbegu za logos zimepandwa katika watu wote, kwa hiyo Socrates, aliyeishi kwa kufuata akili, alikuwa kama Mkristo kabla ya Ukristo. Kauli hii ina ukarimu, maana yakubali kwamba ukweli waweza kuonekana nje ya jamaa zako. Lakini ina tamaa pia, kwani kila jema lililosemwa na mwengine hugeuzwa likawa mali ya msemaji. Na Justin hakukomea hapo, alidai kwamba Plato mambo yake mengine aliyachukua kwa Musa (A.S.). Ushahidi wa kutosha hakuuleta.

Baada yake akatokea Celsus, mfuasi wa Plato, ambaye yapata mwaka 178 aliandika kitabu cha kuwashambulia Wakristo. Yeye aligeuza mashtaka: mafundisho ya Yesu juu ya kuvumilia dhulma na juu ya matajiri, alisema, ni maneno ya Plato yaliyofahamiwa vibaya. Miaka kama sabini baadaye Origen wa Iskandaria akamjibu kwa kitabu kirefu.

Tazama basi: Mkristo asema Plato ameiba kwa Musa, na mfuasi wa Plato asema Yesu ameiba kwa Plato. Wote wawili wametumia kanuni moja, kwamba vitu viwili vikifanana, kimoja lazima kiwe cha wizi. Kanuni hii ni mbovu. Watu wawili waweza kuona mwezi mmoja, kila mtu kwenye ua wake.

Kisha yuko Tertullian wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tatu. Huyu alipiga kelele kwamba Athens na Yerusalemu hazina biashara baina yao, na kwamba uzushi wote mama yake ni falsafa. Lakini mtu akisoma kitabu chake juu ya roho, atamkuta ameshikilia kwamba roho nayo ni aina ya mwili, kama walivyosema Wastoiko, na Seneca, mwanafalsafa wa Kistoiko, amemhesabu kuwa mara nyingi ni mwenzao. Hapa pana funzo. Mtu aweza kuufunga mlango wa mbele kwa kishindo huku dirisha la nyuma liko wazi wala hana habari. Aliye salama zaidi ni yule ajuaye amechukua nini na kwa nani.

MKUTANO WA NIKEA

Sasa tufike penye moyo wa hoja. Mwaka 325 Mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nikea, ambao leo ni İznik katika Uturuki, kuamua ugomvi ulioanzishwa na Arius, kasisi wa Iskandaria. Arius alisema kwamba Mwana ameumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Mkutano ukampinga kwa neno la Kiyunani homoousios, maana yake kuwa wa dhati moja na Baba.

Hapa wasemao kwamba Uyunani uliingia wana haki. Neno hilo halimo katika Injili yoyote. Ni neno la madrasa za falsafa, na baadhi ya maaskofu wenyewe lilikuwa likiwakwaza kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo imani ya mkulima na mvuvi ilipimwa kwa neno ambalo pengine hakuweza kulieleza. Mwaka 451, katika mkutano wa Kalkedoni, ugomvi juu ya neno jingine la Kiyunani, physis, yaani tabia au asili, ulizidisha mfarakano; na matokeo yake Wakristo wengi wa Misri, Sham na Uhabeshi walitengana na Roma na Konstantinopoli, na utengano huo upo mpaka leo. Hiyo ndiyo gharama ya kuifunga dini katika msamiati wa wanafalsafa, na haifai kufichwa.

Lakini je, Utatu ni wa Plato? Watajao jambo hili huwa wanamkusudia Plotinus, aliyefariki mwaka 270, ambaye alifundisha juu ya Mmoja, Akili na Roho ya ulimwengu. Hesabu ni tatu, kweli. Ila tatu za Plotinus ni ngazi: wa pili yu chini ya wa kwanza, na wa tatu yu chini ya wa pili. Nikea ilisema kinyume, kwamba Mwana hayuko chini. Ukitazama vizuri, katika ugomvi ule ni Arius ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ngazi ya Kiplato, na maaskofu ndio walioivunja. Walichukua neno la Wayunani wakalitumia kusema jambo ambalo Wayunani wenyewe wangalilishangaa. Sisi twaweza kusema kwamba walilolisema si haki, lakini hatuwezi kusema kwamba walilikuta kwa Plato.

Mambo mengine ni hivyo hivyo. Aristotle alisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Kanisa likasema Mungu ameuumba pasipo kitu. Plato alisema roho yatosha. Kanisa likasema na mwili utafufuliwa. Origen alipojaribu kuwafuata Wayunani katika kusema kwamba roho za watu zilikuwako kabla ya miili, mafundisho hayo yalihukumiwa kuwa uzushi mwaka 553. Kwa upande mwingine, wazo kwamba Mungu hageuki wala hapatwi na maumivu walilikuta limekwisha kuchongwa na wanafalsafa, wakalipokea kwa mikono miwili. Na kulipatanisha na Masihi ambaye wao huamini kuwa ni Mungu na kwamba aliteswa kuliwachosha karne kadhaa. Basi kukopa kulikuwako, na kukataa kulikuwako. Asemaye "wamechukua vyote" hajasoma, na asemaye "hawakuchukua kitu" hajasoma pia.

NA SISI JE?

Tulirudie sasa swali la jirani yangu. Katika Baghdad ya Bani Abbasi vitabu vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu, na wafasiri wengi walikuwa Wakristo. Mashuhuri wao ni Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 260 H (873), Mkristo wa Hira, bingwa wa kufasiri vitabu vya tiba vya Galen. Wapo Waislamu waliofurahi mno hata wakapita mpaka, na wapo waliokasirika. Al-Sirafi, bingwa wa nahau, alijadiliana na Abu Bishr Matta, Mkristo mwalimu wa mantiki, mbele ya waziri, akashikilia kwamba mantiki hiyo ni nahau ya Kiyunani tu, na kwamba Mwarabu hana haja nayo. Huyo ndiye Tertullian wetu.

Mwisho alikuja Imamu al-Ghazali, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 505 H (1111). Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa aliwahukumu wanafalsafa kwa masuala ishirini, na katika matatu akawahesabu kuwa wamekufuru: kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kusema kwamba Mwenyezi Mungu hayajui mambo madogo madogo moja moja kwa upambanuzi wake, na kukana kufufuliwa kwa miili. Lakini mantiki yao hakuitupa; aliitia katika elimu ya usuli na akaitetea.

Msomaji ameona? Katika matatu hayo, mawili ndiyo yale yale ambayo Wakristo wa mwanzo waligombana juu yake na Wayunani. Tena kuna zaidi. Mwaka 529 mwanachuoni Mkristo wa Iskandaria, John Philoponus, ambaye Waarabu humwita Yahya al-Nahwi, aliandika kitabu kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo. Hoja zake zilifika kwa Waarabu, zikatumiwa na wanavyuoni wetu wa ilmul-kalamu, na athari zake zaonekana katika Tahafut yenyewe. Yaani al-Ghazali alipokuwa akimpiga Aristotle, miongoni mwa mishale yake ilikuwamo iliyochongwa na Mkristo. Je, kwa hayo tuseme kwamba al-Ghazali alikuwa nusu Mkristo? Hasha! Alichukua hoja kwa kuwa ni ya haki. Yeye mwenyewe ametupa mfano wa asali iliyotiwa katika chombo cha mwenye kuumika: mjinga huikimbia akidhani imenajisika, wala hajui kwamba chombo hakiigeuzi asali.

Tena si lazima twende Baghdad. Kalamu aliyoishika mtoto wako chuoni asili yake ni neno la Kiyunani, na karatasi aiandikiayo vile vile, na kanuni za mwalimu wake pia. Yote yametujia kwa njia ya Kiarabu. Hata Injili ni neno la Kiyunani. Maneno hayo hayakuturithisha masanamu ya Athens.

Na tujihadhari, kwa sababu upanga huu una makali pande mbili. Tarehe 12 Septemba 2006, Papa Benedict wa 16 alihutubia katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani. Wengi wetu twakumbuka maneno ya mfalme wa kale aliyoyanakili humo, yaliyomtaja vibaya Mtume wetu (S.A.W.), na hasira zilizofuata. Lakini ni wachache walioisoma hotuba yote. Sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuwajibu Harnack na wenzake: kwamba kukutana kwa imani na akili ya Kiyunani hakukuwa ajali, bali ni katika imani yenyewe. Na hapo akaugusia Uislamu kana kwamba Mungu wetu hafungamani na akili. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wanavyuoni 38 wa Kiislamu walimjibu kwa barua ya wazi, kwa hoja na adabu.

Linganisha. Mhubiri wetu asema: Uyunani ni uchafu, nao umo kwa Wakristo, kwetu haumo. Papa naye asema: Uyunani ni johari, nayo imo kwa Wakristo. Mmoja alaani na mmoja asifu, lakini wote wawili wamesahau Baghdad.

Sura nzima ya Qur'ani imefunguliwa kwa kuwaonya wapunjao vipimo, wale ambao wakijipimia wao hujaza, na wakiwapimia watu hupunguza. Mafundisho hayo si ya wenye maduka peke yao. Mwenye kusema kwamba kufanana ni wizi kwa jirani, na kwake ni hekima, naye amepunja.

Nilimrudia yule jirani yangu. Nilimwambia: "Mwalimu, hoja yangu ya siku ile naiondoa. Tofauti yetu ingalipo pale pale." Akacheka, akaniambia: "Hiyo tofauti naijua, Maalim. Karibu chai." Tukakaa, na siku hiyo tulizungumza habari za Nabii Isa (A.S.) mpaka adhana ya Magharibi, kila mtu akiyasema aaminiyo, wala hakuna aliyemtaja Plato.

Wallahu aalam.